Jinsi Mwili Unavyoitawala Misuli ya Mji wa Mimba

Misuli ya mwili wa binadamu kwa kawaida ina tabia zake, na kila mmoja huishika tabia yake siku zote. Moyo hupiga usiku na mchana bila kupumzika. Misuli ya mkono hukaza na kulegea kwa amri yetu. Misuli ya utumbo husukuma chakula polepole pasipo sisi kujua. Mji wa mimba umepewa kazi tatu zinazopingana, tena kwa zamu. Kwa muda wa miezi tisa hauna budi kutulia, ijapokuwa mtoto anakua ndani yake na kuutanua mno. Kisha, kwa muda wa saa chache, yaupasa kukaza kwa nguvu, lakini kwa vipindi, ili mtoto asukumwe bila kukatiwa hewa. Mwishowe, mtoto na kondo la nyuma wakisha kutoka, yaupasa kubana na kubaki umebana, ili mishipa ya damu iliyoachwa wazi ifungwe.

Kazi ya kwanza ikiharibika, mtoto huzaliwa njiti. Ya pili ikiharibika, uchungu hukwama, au mtoto huchoka kwa kukosa oksijeni. Ya tatu ikiharibika, mama aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kufa kwa kutoka damu kabla ya adhuhuri. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa makumi ya maelfu ya wanawake hufa kila mwaka kwa kutoka damu baada ya kujifungua, na wengi wao ni wa nchi kama zetu. Kwa hiyo somo hili linastahili zaidi ya ule mstari mmoja ambao mwanafunzi hukariri kwa ajili ya mtihani, yaani kwamba "oksitosini huleta uchungu". Mstari huo ni wa kweli, lakini ni sawa na kusema kwamba nahodha huleta jahazi bandarini. Pepo, matanga na mabaharia hawakutajwa.

Msuli wenyewe

Mji wa mimba wa mwanamke asiye mjamzito una ukubwa wa ngumi yake, na uzito wa gramu 60 au 70 hivi. Mimba inapotimiza siku zake, uzito huo hufika karibu kilo moja, mtoto na kondo bila kuhesabiwa, na nafasi ya ndani ambayo awali haikutosha hata kijiko kimoja cha maji sasa huchukua lita tano. Ongezeko hili halitokani hasa na seli mpya kuzaliwa, bali na seli zilizopo kurefuka na kunenepa.

Msuli huu ni wa jamii ya misuli laini, ile isiyotii amri ya hiari. Nyuzi zake zimepangwa kwa matabaka. Tabaka la nje hupita kutoka juu kwenda chini, na la ndani huzunguka. Lile la katikati, ambalo ndilo nene kuliko yote, lina nyuzi zilizosukwa kama ukindu wa mkeka, na mishipa ya damu hupenya katikati ya msuko huo. Mwanafunzi aukumbuke msuko huu, kwani tutaurudia tutakapozungumza juu ya damu.

Ndani ya kila seli zimo nyuzi mbili za protini, aktini na miosini. Seli hukaza pale miosini inapoishika aktini na kuivuta. Kinachoruhusu mshiko huo ni kalsiamu. Wakati wa utulivu, kalsiamu iliyo nje ya seli huzidi ile iliyo ndani kiasi cha mara elfu kumi, kwa maana pampu ndogo zilizomo katika utando wa seli huitoa nje bila kuchoka. Umeme wa utando ukibadilika, milango maalumu hufunguka na kalsiamu hufurika ndani. Huko hukutana na protini iitwayo kalmodulini, nazo kwa pamoja huamsha kimeng'enya kinachoibandika fosfati juu ya miosini. Miosini yenye fosfati hushika aktini, na seli hukaza. Pampu zikisha kuitoa kalsiamu tena, kimeng'enya kingine huibandua fosfati, nayo seli hulegea.

Hapo ndipo siri ya utawala wote ilipo. Homoni zote tutakazozitaja, za kutuliza na za kuamsha, mwishowe hufanya kazi kwa kuongeza au kupunguza kalsiamu ndani ya seli, au kwa kubadili wepesi wa seli kuitikia kalsiamu hiyo. Mwalimu anayeeleza jambo hili kwanza atajikuta amerahisisha kila kitakachofuata.

Lakini seli moja kukaza haitoshi. Wavuvi wanaovuta juya ufukweni, kila mmoja akivuta kwa wakati wake, watatoka jasho na wavu hautasogea; wakifuata sauti ya kiongozi, wavu huja. Katika miezi ya mimba seli za mji wa mimba huvuta kila moja kwa wakati wake. Mikazo midogo huwapo, mama huisikia tumbo likiwa gumu kisha likalegea, na daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliieleza mwaka 1872, lakini haifunguzi mlango wa kizazi. Siku za kujifungua zikikaribia, vijia vya protini hujengwa kati ya seli na jirani yake, na umeme hupita humo kutoka seli hadi seli. Mwaka 1977 Robert Garfield na wenzake walionyesha kwa darubini ya elektroni kuwa katika panya vijia hivyo huwa haba wakati wa mimba, kisha huongezeka ghafla uchungu unapoanza. Protini inayovijenga huitwa koneksini. Bila vijia hivyo mji wa mimba ni umati wa watu. Vikiwapo, ni kikosi.

Kinachoutuliza

Mwaka 1929 George Corner na Willard Allen, huko Rochester katika Marekani, walifanya jaribio lenye ufasaha mkubwa. Waliwaondolea sungura ovari mara baada ya kupandwa, na mimba zikaharibika. Kisha sungura wengine waliotendewa vivyo hivyo walidungwa dondoo la kile kiini cha manjano kinachobaki katika ovari yai likisha kutoka, na mimba zao zikaendelea. Dawa iliyokuwamo katika dondoo hilo ilipatikana safi mwaka 1934, ikaitwa projesteroni, jina lenye maana ya kuilinda mimba.

Kwa binadamu kiini cha manjano hutoa projesteroni katika majuma ya mwanzo. Kuanzia kama juma la nane kondo hushika kazi hiyo, na huendelea nayo hadi mwisho. Projesteroni hufanya kazi ndani ya kiini cha seli, mahali zilipo jeni, na huzizuia jeni zinazotengeneza koneksini na vile vipokezi vya oksitosini. Kwa hiyo haimzuii tu mvuvi asivute; humnyima kamba, na humziba masikio asisikie wito.

Hata hivyo projesteroni si mlinzi pekee. Adrenalini nayo, kupitia vipokezi fulani vya utando, hulegeza msuli huu. Mnyama aliyeshtushwa na fisi katikati ya kuzaa anaweza kusimamisha uchungu na kukimbia, na wafugaji wanalijua jambo hilo bila kusoma fiziolojia. Mwanamke naye, akiingia wodi asiyoijua, amezungukwa na sauti za ukali, anaweza kuona uchungu wake wa mwanzo ukipungua. Wahudumu wengine husema huyo alikuwa anajisingizia. Hakujisingizia: adrenalini yake ilikuwa inafanya kazi yake. Desturi ya bibi au dada kukaa na mzazi na kumshika mgongo ina msingi katika kemia ya mwili, na Shirika la Afya Duniani sasa hushauri kila mzazi awe na mwenzi wa kumchagua mwenyewe wakati wa uchungu.

Ni nani atoaye amri?

Swali la nani hasa huamua siku ya kuzaliwa ni la zamani sana. Jibu la kwanza la uhakika lilitoka kwa kondoo.

Katika jimbo la Idaho huko Marekani wafugaji walisumbuliwa na kondoo waliozaa wana wenye jicho moja katikati ya paji. Uchunguzi ulionyesha kuwa mama zao walikuwa wamekula mmea wa mlimani uitwao *Veratrum californicum* karibu na siku ya kumi na nne ya mimba. Jambo la pili lilikuwa la ajabu zaidi: kondoo wengi wa namna hiyo hawakuzaa siku zilipotimia, bali mimba iliendelea kupita kiasi. Wana wale walikuwa na kasoro ya ubongo na ya tezi ya pituitari. Je, mwana asiye na pituitari hana namna ya kutangaza kuwa yuko tayari?

Daktari wa New Zealand, Mont Liggins, alilijaribu wazo hilo katika miaka ya 1960. Alipoiharibu pituitari ya mwana tumboni, kondoo hakuzaa kwa wakati. Alipomdunga mwana huyo homoni inayoziamsha tezi za adrenali, au kortiso yenyewe, kondoo alizaa mapema. Njia ilikuwa wazi: ubongo wa mwana huamsha pituitari, pituitari huamsha adrenali, na kortiso ya adrenali hulifanya kondo liigeuze projesteroni kuwa estrojeni. Mtulizaji hupungua, mwamshaji huongezeka, na uchungu huanza. Kwa kondoo, basi, amri hutoka kwa mtoto.

Katika majaribio hayo Liggins aliona jambo ambalo hakulitafuta. Wana waliozaliwa mapema mno kwa sababu ya kortiso, ambao kwa hesabu ya siku zao mapafu yalipaswa kuwa bado, walipumua. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Ross Howie walitangaza matokeo ya kuwapa dawa ya namna hiyo akina mama 282 waliotazamiwa kuzaa kabla ya wakati, nusu wakipewa dawa ya kweli. Ugonjwa wa mapafu kwa watoto njiti ulipungua kutoka karibu 26 hadi 9 katika kila watoto 100. Sindano hiyo hutolewa hata leo, na wako vijana wanaosoma makala haya ambao wanapumua kwa sababu ya kondoo wa New Zealand.

Kwa binadamu mambo si mepesi hivyo. Projesteroni katika damu ya mama haishuki kabla ya uchungu. Hubaki juu hadi kondo litoke. Kwa miaka mingi jambo hili liliwatatiza wachunguzi. Maelezo yanayokubaliwa na wengi sasa ni kwamba ujumbe haupungui, bali msikilizaji hubadilika: vipokezi vya projesteroni ni vya namna zaidi ya moja, na karibu na kujifungua ile namna inayopinga utulivu huzidi ile inayoutunza. Ushahidi mmoja mzuri ni kwamba dawa inayoviziba vipokezi hivyo huuamsha mji wa mimba hata projesteroni ikiwa tele.

Yapo pia mambo mengine yanayochangia. Kondo la binadamu hutoa homoni ambayo kwa kawaida ni ya ubongo, ile inayoamrisha pituitari wakati wa dhiki. Kiasi chake katika damu ya mama hupanda kadiri mimba inavyokua, na mwaka 1995 Roger Smith na wenzake huko Australia walionyesha kwamba kwa mama watakaozaa mapema hupanda mapema pia. Wakaiita saa ya kondo. Kutanuka kwa msuli nako huuchochea, na ndiyo maana mapacha hawangoji majuma arobaini.

Oksitosini na duara lake

Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza aligundua kuwa dondoo la sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari huukaza mji wa mimba wa paka. Vincent du Vigneaud wa Marekani aliipambanua homoni yenyewe: mnyororo mdogo wa asidi amino tisa tu. Alitangaza mpangilio wake mwaka 1953, akaiunda maabarani, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa homoni ya jamii ya protini kutengenezwa na mkono wa binadamu.

Oksitosini hutengenezwa katika haipothalamasi, hushuka ndani ya nyuzi za neva hadi pituitari, na kumwagwa katika damu kwa mafungu mafungu. Haidumu, baada ya dakika chache nusu yake imekwisha kuvunjwa. Lakini kilicho muhimu si wingi wake tu. Mwanzoni mwa mimba mama anaweza kupewa oksitosini na mji wa mimba usijali, kwa kuwa vipokezi ni vichache. Mwisho wa mimba, estrojeni ikisha kushika usukani, vipokezi huongezeka mara nyingi, na kiasi kilekile kidogo hutosha kuleta mkazo.

Sasa tazama jinsi duara linavyojifunga. Mkazo humsukuma mtoto chini. Kichwa chake hukandamiza mlango wa kizazi. Neva za hapo hupeleka habari kwenye ubongo, ubongo humwaga oksitosini zaidi, na oksitosini huleta mkazo wenye nguvu zaidi. James Ferguson alilieleza jambo hili kwa sungura mwaka 1941. Wanafunzi wamezoea kufundishwa kwamba mwili hujirekebisha kwa kupinga mabadiliko: joto likipanda, jasho hulishusha, sukari ikizidi, insulini huipunguza. Hapa mwili hufanya kinyume. Mabadiliko huzaa mabadiliko makubwa zaidi ya namna ileile, na duara haliishi mpaka mtoto atoke na kichwa kiache kukandamiza. Ni mfano bora wa mrejesho chanya ambao mwalimu anaweza kuutumia, na ningeshauri autumie kabla ya ule wa kuganda kwa damu, kwa kuwa wanafunzi huukumbuka.

Prostaglandini, na kazi iliyofanywa Makerere

Mlango wa kizazi si msuli hasa. Ni tishu ngumu ya nyuzi za kolajeni, ngumu kama ncha ya pua. Msuli ukikaza juu ya mlango mgumu, nguvu hupotea bure. Ni lazima kwanza nyuzi hizo zilegee, maji yaingie kati yake, na mlango uwe laini kama mdomo. Kazi hiyo hufanywa zaidi na prostaglandini, vitu vya jamii ya mafuta ambavyo hutengenezwa papo hapo vinapotumika, katika utando unaomzunguka mtoto na katika mji wa mimba wenyewe. Prostaglandini huongeza pia mikazo.

Habari zake zilianza New York mwaka 1930, pale Kurzrok na Lieb walipoona kuwa shahawa huweza kukaza au kulegeza vipande vya mji wa mimba. Ulf von Euler wa Sweden akakiita kitu hicho prostaglandini mwaka 1935, akidhani kinatoka katika tezi ya prosteti. Lakini hatua ya kuitumia kwa mama aliye katika uzazi ilipigwa Afrika Mashariki. Mwaka 1968 Sultan Karim na wenzake wa Chuo cha Udaktari cha Makerere, Kampala, walitangaza katika jarida la madaktari wa Uingereza kwamba walikuwa wamewaanzishia wanawake uchungu kwa kuwatilia prostaglandini mshipani. Leo hospitali za dunia nzima hutumia dawa za jamii hiyo kuulainisha mlango wa kizazi. Ni ajabu kwamba wanafunzi wetu wengi wanalijua jina la Rochester na hawajui kuwa Kampala imo katika historia hii.

Kongo nayo imo. Mwaka 1960 Lorents Gran, daktari kutoka Norway, alikuwa Kongo katika huduma ya Msalaba Mwekundu. Aliona kuwa wanawake wa Kilulua walikunywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata, *Oldenlandia affinis*, ili kuharakisha uchungu. Alirudi kwao na mmea huo, na katika maandiko yake ya miaka ya 1970 akaonyesha kuwa dawa iliyomo ni ya jamii ya protini. Hapo palikuwa na kitendawili. Protini ikichemshwa huharibika, na ikimezwa humeng'enywa. Hii ilichemshwa, ikanywewa, na bado ikafanya kazi. Jibu lilipatikana mwaka 1995: mnyororo wake wa asidi amino 29 hauna mwanzo wala mwisho, kwa kuwa ncha zake mbili zimeunganishwa, na ndani yake umekazwa kwa vifungo vitatu vya salfa. Vimeng'enya vinavyozoea kuanza kula kutoka kwenye ncha havipati pa kushika. Mwaka 2013 ikaonekana kwamba ndugu mmoja wa dawa hiyo, atokaye katika mmea uleule, hukifikia kipokezi cha oksitosini chenyewe.

Mtu asichukue habari hii kuwa ruhusa ya kunywa mizizi. Kinyume chake, inathibitisha kuwa baadhi ya dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zina nguvu ya kweli, na dawa yenye nguvu ya kweli isiyopimwa ndiyo ya kuogopwa. Ulaya ilijifunza hivyo kwa ukungu wa nafaka uitwao ergoti, uliotumiwa na wakunga kwa karne nyingi: haukuleta mikazo ya vipindi, bali mkazo mmoja usiolegea. Ergometrini, iliyotolewa humo mwaka 1935, hupewa mama baada tu ya mtoto kutoka.

Kwa nini mapumziko ni lazima

Wakati wa mkazo, mishipa ipitayo katika ule msuko wa nyuzi hubanwa, na damu iendayo kwenye kondo hupungua. Mtoto huishi kwa akiba yake mpaka msuli ulegee. Katika uchungu ulioshika vizuri mikazo huwa mitatu hadi mitano katika kila dakika kumi, kila mmoja ukichukua sekunde 40 hadi 60. Ikizidi mitano, mtoto hana nafasi ya kujaza akiba, na mapigo ya moyo wake huanza kuonyesha dhiki. Tena msuli wenye kovu la upasuaji wa zamani unaweza kupasuka. Hii ndiyo sababu oksitosini ya kuongeza uchungu hutiwa mshipani kwa matone yanayohesabiwa, na mtu akikaa kando.

Kuna tabia nyingine ya msuli huu isiyopatikana katika mkono au mguu. Baada ya kila mkazo, nyuzi za sehemu ya juu hazirudi urefu wake wa kwanza. Hubaki zimefupika kidogo. Wavuvi wetu wakipumzika hawauachii wavu urudi baharini. Hivyo sehemu ya juu huzidi kunenepa, ya chini huvutwa ikawa nyembamba, na mlango wa kizazi hupandishwa na kufunguliwa hadi sentimita kumi.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Chukua puto na mpira mdogo wa tenisi ya meza. Ingiza mpira ndani ya puto, lipulize, kisha ligeuze shingo chini ili mpira uzibe shingo hiyo. Mwanafunzi akibinya puto ubavuni, hakuna linalotokea. Ndiyo mikazo ya Braxton Hicks. Akibinya kutoka juu, akaachia, akabinya tena, ataiona shingo ikifupika na mpira ukitokeza polepole. Wavulana wenye haraka watabinya kwa nguvu moja, na puto litapasuka. Hilo nalo ni somo.

Wakunga hufuatilia maendeleo ya uchungu kwa chati. Hugh Philpott na mwenzake, wakifanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, waliitangaza mwaka 1972 ikiwa na mistari miwili: mmoja wa kutahadharisha, mwingine wa kuchukua hatua. Mistari hiyo ilikusudiwa kumwezesha mkunga wa zahanati ya mbali kujua mapema nani apelekwe hospitali. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya badala yake, kwa kuwa ilionekana kuwa wanawake wengi hufunguka polepole kuliko mstari na bado hujifungua salama.

Kufunga mishipa

Mwisho wa mimba mji wa mimba hupokea damu kiasi cha mililita 500 hadi 700 kila dakika. Kondo likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi. Hesabu ni rahisi, na mwanafunzi aifanye mwenyewe: mwili wa mama una lita tano au sita tu.

Kinachomwokoa ni ule msuko. Nyuzi zikikaza kila upande, kila mshipa upitao kati yake hunyongwa kama mdomo wa gunia lililofungwa kwa kamba. Damu kuganda huja baadaye. Kazi ya kwanza ni ya msuli. Mji wa mimba uliobana hushikika chini ya kitovu kama mpira mgumu. Uliochoka, baada ya uchungu mrefu au mapacha, huwa laini kama unga uliokandwa, na damu humiminika, mara nyingine bila kelele, ikinywewa na magodoro na khanga hata asitambue mtu ni kiasi gani.

Kwa sababu hiyo kila mzazi hupaswa kupewa dawa ya kuubanisha mji wa mimba mara mtoto anapotoka, kwa kawaida sindano ya oksitosini. Dawa hii ina udhaifu mmoja mkubwa kwa nchi za joto: hutakiwa kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ile iliyokaa juani inaweza kuwa maji matupu katika chupa yenye jina zuri. Mwaka 2018 jaribio lililowahusu wanawake karibu 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwamo, lilionyesha kuwa kabetosini, ndugu wa oksitosini aliyetengenezwa astahimili joto, hukinga damu isitoke kwa kiasi kisichopungukiwa na oksitosini.

Jaribio jingine lilitangazwa mwaka 2023, likiwa limefanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Halikuleta dawa mpya hata moja. Mzazi alitandikiwa mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Na ikionekana kuzidi, hatua zote zilichukuliwa kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, dawa za kuubanisha, dawa ya kuzuia damu isiyeyuke ikisha kuganda, maji ya mshipani, na uchunguzi. Katika hospitali zilizoendelea na desturi ya kukisia, karibu nusu ya wanawake waliotoka damu nyingi hawakutambuliwa. Kwa mpango mpya walitambuliwa zaidi ya tisa katika kumi, na madhara makubwa yalipungua kutoka 4.3 hadi 1.6 katika kila wanawake mia.

Mtoto akiwekwa titini, kunyonya kwake humwaga oksitosini tena, ileile inayosukuma maziwa, na mji wa mimba hubana zaidi. Ndiyo asili ya maumivu ya tumbo ya siku za kwanza za kunyonyesha, ambayo wengine huyaita chango la uzazi, na ambayo mama wa mtoto wa nne huyasikia kuliko mama wa mtoto wa kwanza. Baada ya juma moja, ile kilo moja ya msuli imepungua ikawa kama nusu. Baada ya majuma sita mji wa mimba umerudi karibu na ukubwa wa ngumi, vijia kati ya seli vimevunjwa, na kila seli imerudi kuvuta kwa wakati wake.